Msimu wa Maji ya Udhu

Jumapili, 4 Mei

Waheshimiwa wanajumuiya wa msikiti wetu wa Naviundu, daftari hili ni lenu kabla halijawa langu. Leo baada ya adhuhuri mmeniagiza niandike kila litakalotokea katika kiwanja cha nyuma ya msikiti hadi mwisho wa kiangazi. Tarehe 28 Septemba nitasimama mbele yenu niwasomee, bila kuongeza wala kupunguza. Mmenichagua kwa kuwa nafundisha kemia, na pia kwa sababu aliyoitaja mwenyekiti wetu, Papa Souleymane, mkacheka wote: "Mwalimu Ramla anapenda kusema. Sasa aandike, tutapumzika."

Nayaweka masharti hapa ili asije mtu kuyabadilisha. Kiwanja kina matuta ishirini ya mboga. Anayeyalima ni Mama Mujinga, mjane mwenye asili ya Kasai, jirani yetu Mkristo, ambaye kwa miaka sita ametuletea lengalenga na matembele kila Ramadhani bila kuombwa. Kiangazi alikuwa akimwagilia kwa maji ya mto. Mto huo unapokea kila kitu ambacho mtaa hautaki kukiona tena, na wanunuzi sasa wanamuuliza maji yake yametoka wapi kabla hawajauliza bei. Papa Souleymane anapendekeza bustani iondolewe, tujenge depo, ghala la saruji. Mimi niliomba msimu mmoja. Maji ya udhu hutiririka mtaroni mara tano kwa siku na kupotea; niacheni niyasafishe kwa mchanga, kokoto na matete, yakanyweshe mboga.

Mmekubali, kwa sharti kwamba lisiingie tone la mto wala la kisima chetu kirefu. Bustani ikifa, au maji ya mto yakitumika hata siku moja, kiwanja kinakuwa depo. Nimerudi nyumbani nikitembea upesi kama mwanafunzi aliyepewa swali analolipenda.

Jumatatu, 5 Mei

Zakari, fundi wetu mwashi, amekuja na sururu. Nimemchorea shimo la kwanza, ambamo maji yatatulia na kuacha mchanga na nywele; kisha kitanda cha kokoto chenye matete; kisha birika la kupokea maji yaliyosafika. Aliitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akairudisha ilivyokuwa.

"Mwalimu, iko bien. Mais hii matete, kazi yayo ni nini? Kupendezesha?"

"Mizizi yake inaingiza hewa chini, na juu ya kokoto vinaishi vijidudu visivyoonekana. Hivyo ndivyo vinavyokula uchafu."

"Donc tunafuga badudu nyuma ya mushikiti." Akaanza kuchimba. "Usimwambie Papa Souleymane."

Ijumaa, 16 Mei

Maji ya kwanza! Baada ya sala ya Ijumaa watu walijipanga kwenye ukuta wa nyuma kana kwamba wanasubiri bibi harusi. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wametawadha kwa nusu saa, na nilipofungua njia maji yao yote yakaja kwa mkupuo. Shimo likajaa, kitanda kikafurika, viatu vikalowa. Mmoja wenu, simtaji, alipiga kelele kwamba mto Naviundu umehamia msikitini. Nilicheka nikiwa nimelowa hadi magoti. Zakari ameahidi shimo la pili la kuyazuia maji ya Ijumaa yaingie kidogo kidogo.

Jumamosi, 17 Mei

Zakari anachimba.

Jumapili, 25 Mei

Nimejaza chupa nyeupe kwenye birika na kuweka nyuma yake ukurasa wa gazeti. Wiki iliyopita niliona ukungu tu. Leo nimesoma kichwa cha habari, kisha mistari ya chini, kisha jina la mpiga picha, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nilisoma kwa sauti, peke yangu, habari ya barabara ya Ruashi, kwa furaha ambayo mwandishi wake hakuikusudia.

Mama Mujinga hakushawishika. Aliinusa chupa.

"Madame Ramla, bantu banaosha miguu mu hii mayi."

"Wanaosha pia nyuso, mama, na vinywa."

"Njo mubaya zaidi!" Lakini alijaza arroswari yake, ndoo ya kumwagilia, akanywesha tuta moja, kwenye mizizi, bila kugusa majani, kama nilivyomwomba. Hadi jioni alikuwa amefika la tisa.

Jumapili, 1 Juni

Mmenipa dakika kumi baada ya alasiri nieleze maendeleo. Nilitumia ishirini na tano. Naandika hapa sentensi niliyoipenda kuliko zote, ile iliyowafanya mpige takbiri: "Ndugu zangu, matete haya hayachagui, uchafu wowote mtakaoyapa, yatautafuna na kuwarudishia maji." Niliona nyuso zenu ziking'aa, nami nikaongeza sauti.

Ijumaa, 6 Juni. Idi

Sala njema, baridi kali, watoto wamevaa koti juu ya kanzu. Wanawake tuliondoka mapema kwenda kupika. Nimefurahi leo tangu asubuhi.

Jumapili, 8 Juni

Harufu ilinifikia kabla sijafungua lango.

Kitanda kilikuwa kimefunikwa na maji mazito ya rangi ya kutu yaliyokataa kushuka. Nilichokonoa kokoto kwa kijiti, na kijiti kikatoka na utelezi mweusi. Katika birika, chupa yangu haikuonyesha hata kichwa cha habari. Mbuzi kumi na mmoja walichinjwa Ijumaa kwenye sakafu ya kutawadhia, pembeni kabisa mwa mtaro, na damu yao, pamoja na maji ya kuoshea matumbo, yote yakapelekwa kwa ndoo na ufagio hadi kwenye matete. Kila mwaka mbuzi huchinjwa kule uwanjani kwenye shimo linalofukiwa. Mwaka huu shimo halikuchimbwa.

Aliyesimamia uchinjaji ni Zakari. Nilimkuta akinoa mwiko wake, nami sikumsalimu.

"Zakari, wewe uliyejenga kitanda hiki kwa mikono yako, ndiwe uliyekiua?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mais mwalimu! Si weye ulisimama pale mbele ya bantu bote, ukasema matete haichague, buchafu yote inakula? Tuliipa ikule. Bazee balisema, shimo ya nini mwaka huu, tuko na matete ya Mwalimu Ramla!"

 Naandika hapa, kwa kuwa mmeniagiza nisipunguze: nilijua kwamba kitanda kile kina kiasi chake, kama tumbo la mtu. Nilijua kwamba ndoo moja ya damu ni chakula kingi zaidi cha vijidudu kuliko maji ya udhu ya siku nyingi. Niliacha kuwaambia kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri zaidi bila hayo. Zakari alifanya nilichosema. Nilimwomba radhi pale pale, naye akajibu, "Bon. Sasa tunatoa kokoto ao tunalia?"

Papa Souleymane alipita baadaye, leso puani. 

Jumatatu, 9 Juni

Tumeziba njia ya maji. Yanayotoka kwenye udhu yanaenda kwenye shimo ambamo yanafyonzwa na ardhi na kupotea. Tumekomba shimo la kwanza kwa ndoo na kufukia tope mbali. Kokoto za juu zitatolewa zote na kuoshwa, kisha kitanda kipumzike kikavu, hewa iingie. Katika joto ningesema wiki moja. Lakini asubuhi hii maji ya bomba yaliuma vidole, na vijidudu vyangu, kama sisi, vinafanya kazi polepole kwenye baridi. Nimesema wiki tatu. Mama Mujinga aliniuliza mboga zitakunywa nini kwa wiki tatu. Akaondoka akilirudia mwenyewe swali lake.

Alhamisi, 12 Juni

Tunaosha kokoto. Mikono imepasuka.

Jumamosi, 14 Juni

Tunaosha kokoto. Matuta ya juu yanageuka manjano. Imamu Amisi alikuja kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaosha nasi makarai matatu bila kusema lolote la dini.

Jumanne, 17 Juni

Naandika hili kwa hasira, na sitalifuta.

Matuta kumi na manne yamekufa au yanakufa. Sita ya chini, yaliyo karibu na uzio, ni mabichi. Udongo wake una unyevu, nimeugusa. Mvua haijanyesha tangu Aprili. Kutoka uzio ule hadi mtoni ni hatua sitini, na mwenye ndoo na njia ni mtu mmoja. Mama Mujinga anachota mtoni. Anajua sharti, alikuwapo lilipotamkwa, na bado anachota, na kwa ndoo zake anampa Papa Souleymane depo yake.

Nilimweleza Imamu Amisi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulimuona akichota?"

"Sikumuona, shehe. Lakini udongo umelowa."

"Basi andika hivyo: udongo umelowa, na wewe hukuona." Akainuka. "Umekwisha kuandika vingine?"

Nilikuwa nimekwisha kuandika. Viko hapo juu.

Jumatano, 18 Juni

Baada ya alfajiri sikurudi nyumbani. Nilisimama nyuma ya choo cha msikiti kama mpelelezi, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwalimu wa shule, nikiwa nimejifunika shali hadi puani. Kulipopambazuka Mama Mujinga alitokea. Hakutoka upande wa mto. Alitoka upande wa nyumba, karai kichwani, akamwaga ndani ya ndoo kubwa iliyotobolewa chini na kusimamishwa juu ya matofali, kisha akarudi alikotoka. Nilimfuata kwa mbali. Aligonga mlango wa kwanza. Dada mmoja akampa maji aliyosuuzia nguo. Mlango wa pili, maji ya kuoshea mchele. Wa tatu, mzee akamtania, "Mujinga, leo unaomba mayi yachafu, kesho utaomba nini, takataka?" Naye akajibu, "Kesho nitaomba weye, papa, kama bibi yako atakuachilia." Nyumba nzima ikacheka. Nilihesabu milango kumi na saba. Asubuhi nzima hakushuka mtoni hata mara moja.

Aliporudi mara ya nne alinikuta nimesimama kando ya ndoo yake, nikiangalia ndani. Chini ilikuwa na kokoto, juu yake mchanga, juu yake makaa yaliyopondwa, na kitambaa cha pamba kimefungwa mdomoni. Maji yalikuwa yakidondoka chini, karibu meupe.

"Mama, nani amekufundisha hii?"

"Weye, madame. Ulisemaka sana ile siku. Bengine balisinzia, miye nilisikiliza." Akatua karai. "Mayi ya sabuni nyingi minakatala. Ya kusuuza tu. Iko mubaya?"

Mubaya! Ningemkumbatia, lakini alikuwa amelowa na mimi nilikuwa nimeaibika. Nimefundisha miaka kumi na minane, na sijapata kuona somo langu likitembea kwa miguu yake namna ile, mlango hadi mlango, kwenye baridi. Na jana nilimwandika mwizi wa maji. Sikumwambia. Nilichukua karai la pili, tukaenda wote.

Alhamisi, 19 Juni

Mimi na karai. Shingo inauma. Milango ishirini na miwili.

Jumamosi, 28 Juni

Tumefungua njia! Zakari amepanda vichipukizi vipya vya matete na kusema bismillahi kwa sauti ya mtu anayewasha injini. Maji yalishuka ndani ya kokoto bila kusita. Kwenye sakafu ya kutawadhia amechora kwa rangi nyekundu mstari na maneno: HAPA NI MAYI YA UDHU TU. Chini yake ameongeza, bila kuniuliza, picha ya mbuzi iliyopigwa alama ya X. Anafanana zaidi na mbwa, lakini ujumbe umefika.

Jumatano, 2 Julai

Kichwa cha habari kinasomeka. Mistari, bado.

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Mistari, bado. Mama Mujinga amepanda upya matuta kumi na manne na haniulizi kitu.

Jumapili, 27 Julai

Jina la mpiga picha linasomeka! Nilikimbia na chupa hadi kwa Imamu Amisi, kwa kuwa baadhi yenu bado mlikuwa mkisema kwamba damu iliyoingia imeyatia maji najisi daima. Alikaa kibarazani, akawaita waliokuwapo, akaeleza kwa utulivu kwamba damu ni najisi kweli, lakini kokoto zimeoshwa na maji mengi yamepita. Kinachobaki kuangaliwa ni rangi, harufu na ladha. Aliinua chupa kwenye jua. Rangi, hamna. Akainusa kwa muda mrefu. Harufu, ya udongo tu. Kisha akanyoosha mkono.

"Ladha, namwachia Zakari."

"Shehe!" Zakari alirudi nyuma hatua mbili. "Miye niko na batoto saba!"

Niliwaomba msinywe, nikaeleza kwamba maji yale ni chakula cha udongo, hayajawa ya kinywa, na mboga zitaoshwa na kupikwa kama kawaida. Safari hii nilieleza pia kiasi: maji ya kutawadha ya siku moja, si zaidi, wala kitu kingine. Haikuwa sentensi nzuri. Nilimwona mzee mmoja akiirudia kwa vidole.

Ijumaa, 15 Agosti

Upepo na vumbi jekundu. Matete yamempita Zakari kwa urefu. Anasimama karibu nayo ili watu waone.

Jumapili, 7 Septemba

Joto limeanza. Bustani za ukingoni mwa mto zimegeuka manjano. Matuta yetu ishirini ni kijani ambacho macho yanakitafuta. Wanawake wa mtaa wa Makomeno wamekuja na vikapu, na mmoja ameuliza maji yanatoka wapi. Mama Mujinga alijibu bila kuinua kichwa, "Inatoka ku sala." Akauza tuta zima kabla ya adhuhuri.

Jumapili, 21 Septemba

Wiki moja imebaki. Nimesoma daftari lote, na nimekaa muda mrefu mbele ya ukurasa wa 17 Juni. Mama Mujinga atakuwapo. Nimemwalika mimi mwenyewe. Naweza kuruka ukurasa mmoja, hakuna atakayejua. Lakini mliagiza nisipunguze, nami tayari nimeona bei ya kupunguza pale penye sentensi nzuri.

Jumapili, 28 Septemba

Nimewasomea. Naandika sasa yaliyofuata.

Nilipofika 17 Juni nilisoma kila neno: anachota mtoni, anajua sharti, na bado anachota.  Mama Mujinga alikuwa amekaa mlangoni, amevaa kitenge chake cha sikukuu, mikono mapajani. Hakunitazama. Niliendelea na shali, na choo, na milango kumi na saba, na ndoo iliyotobolewa. Nilipomaliza ukurasa wa mwisho nilikaa chini bila kungoja makofi, na hayakupigwa.

Papa Souleymane alisimama. Aliuliza swali alilokuwa amelitunza tangu Juni, na lilikuwa swali la haki. "Siku kumi na tisa matete ilikuwa imefungwa. Matuta sita haikukufa. Nani hapa anaweza kushuhudia kama haikukuwa mayi ya muto? Nani aliona kwa macho?"

 Kisha akajijibu mwenyewe, polepole, kama anayesoma risiti.

"Mwalimu. Kumbe mwalimu aliona. Alijificha ku choo kwa kumukamata Mama Mujinga, na akamuona na mayi ya kusuuza ya mu manyumba." Akatikisa kichwa. "Kama angeandika tu asema Mama Mujinga iko mutu muzuri, singeamini. Urafiki ya banamuke, ningesema. Mais muntu mwenye alienda kutafuta makosa na akakosa, huyu minaamini. Kiwanja ibakie bustani."

Zakari alipiga takbiri hadi vioo vikatetemeka. Mikono iliinuka yote. Niliihesabu mara mbili, na mara zote mbili nilipotea njiani. Imamu Amisi aliomba dua fupi.

Mama Mujinga alinisubiri nje. Nilianza maneno niliyokuwa nimeyatayarisha wiki nzima, yaliyopangwa vizuri, na akanikatiza kwenye neno la tatu.

"Madame, ungeniuliza tu."

"Ndiyo, mama."

"Siku mbili ulinisalimia na midomo tu. Niliona. Nikasema, ah, iko na masumbuko ya masomo." Akaishika mikono yangu iliyopasuka Juni na kupona vibaya, akaigeuza, akaiangalia. "Pardon yako nilishachukua, ile siku ulibeba karai. Hii ya leo ni ya bengine."

Jumatatu, 29 Septemba

Nilifika bustanini baada ya alfajiri na kukuta lango limeshafunguliwa. Wanawake wa mtaani, wengi wao wasio wa msikiti wetu, walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, kila mmoja na karai la maji ya kusuuzia. Wanaume watatu pia, wakijifanya wanapita. Hawakuombwa na mtu. Mama Mujinga alikuwa akinusa karai moja moja na kurudisha yenye sabuni nyingi, akitukanwa na kutukana kwa furaha. Ndani, pale hasa palipopangiwa depo, Papa Souleymane alikuwa amepiga magoti mavumbini, akinyoosha utepe wa kupimia, na Zakari ameshika ncha ya pili.

"Mwalimu, usisimame bule," aliniita mwenyekiti. "Kitanda ya pili itakuwa metre ngapi?"